Umaskini Wenye Sofa Seti

Fomu ya kuomba ufadhili wa masomo ya chuo hukutaka ufanye mambo mawili yasiyokaa chumba kimoja. Kwanza ujisifu mpaka msomaji aone haya kukukosa. Kisha ugeuze ukurasa, ujililie mpaka atafute leso.

La kwanza halitushindi sisi watu wa Kisumu. Ni wapi kwingine watu humlipa mwanamuziki anyamaze ili wao wajisifu? Tunaiita pakruok. Uko kwenye ohangla, ngoma imekolea, unasogea mbele na noti mkononi, ala zinanyamaza, unatangaza kwamba wewe ndiwe simba wa Seme, shemeji ya daktari, mtu ambaye mbuta wote wa ziwani wanaijua ratiba yake ya chakula. Wimbo unaendelea, na jirani yako tayari anapapasa mifuko akitafuta noti yake. Mtu wa namna hiyo ukimpa maneno mia tano ya kujieleza, tena bure, umemfanyia sherehe.

Shida ni ukurasa wa pili.

Nayaona haya kwa karibu kwa sababu nina kibanda cha kupiga chapa hapa Otonglo, kando ya barabara ya kutoka mjini kwenda Busia. Uwanja wa ndege uko pua na mdomo, kiasi kwamba ndege ikishuka mteja hukatiza sentensi, akangoja ipite, ndipo amalizie kunitajia jina lake. Nina kompyuta mbili, printa yenye hasira, mashine ya kutoa kopi na soketi za kuchajia simu. Matokeo ya KCSE yakishatangazwa, benchi langu hujaa. Kila aliyepata C ya kujumlisha kwenda juu anataka chuo kikuu, na kila anayetaka chuo kikuu anatafuta mtu wa kumlipia.

Nimepiga chapa "Elimu ni ufunguo wa maisha" mara nyingi hivi kwamba nikigusa herufi tatu za mwanzo kompyuta inamalizia yenyewe, hata nukta inaweka. Baada ya hapo hufuata "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto," kisha anaingia daktari, kwa maana Otonglo hajatokea mtoto aliyeota kitu kingine mbele ya mfadhili. Nikimwuliza kijana ndoto hiyo aliiota lini hasa, ananijibu, "Andika tu, mzee, hao watu hupenda hivyo."

Hawapendi hivyo. Kuna mtu mahali fulani ameketi na rundo la fomu, anasoma habari za ufunguo tangu asubuhi, na hajaona mtu hata mmoja akifungua mlango.

Hatimaye zamu ikafika nyumbani kwetu. Binti wa marehemu kaka yangu alipata A ya kutoa, na ikatokea taasisi moja, jina nitalisitiri, inayolipia karo, malazi, chakula na hata kompyuta. Kwa mila zetu binti wa kaka ni binti yangu, na mimi ni baba yake mdogo. Kwa hivyo nilipewa kazi ya kuandaa maombi, bila malipo, na bila pia kura ya uamuzi, kwa sababu maamuzi yalikuwa ya kikao. Kikao kilikuwa na mama yake, ambaye ni shemeji yangu. Baba yangu mzazi, Jaduong', chini ya mwembe wake. Na kaka yetu wa Nairobi, aliyehudhuria kwa simu iliyowekwa juu ya kigoda ikiwa na sauti ya juu.

Msichana aliniletea insha yake ya kwanza. Nilisoma neno "Elimu" nikamrudishia.

"Baba mdogo, hujasoma."

"Nimesoma. Daftari liko wapi?"

Daftari hilo ndilo lililokuwa maombi yenyewe, na hakuna aliyelijua. Shemeji yangu huuza omena soko la Kibuye. Kila mwaka, kuanzia Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena hufungwa ili wazaane. Ni jambo jema kwa ziwa, lakini muhula wa pili wa shule hufunguliwa humo humo, na bwana fedha wa shule hana habari na uzazi wa samaki. Akiwa kidato cha pili, msichana alianza kuandika bei ya gorogoro moja ya omena kila Jumapili, siku ambayo Kibuye hufurika. Bila kufundishwa na mtu alichora mistari: bei ikipanda hapa, karo ikidaiwa pale. Kisha akamwambia mama yake anunue omena mwezi Machi, akaushe vizuri, aweke, auze wakati wengine hawana.

Soko zima lilimcheka shemeji. Omena kuwekwa msimu wa masika? Aliweka magunia mawili. Moja lilipata tundu la mabati juu yake, likalowa, likanuka mpaka majirani wakaulizana ni nani amefariki bila kutangaza. Lilinunuliwa kwa bei ya kutupa na mtu wa chakula cha kuku. La pili lililipa karo ya muhula.

Sasa hebu niambie: mtoto mwenye kisa hicho, anayetaka kusomea takwimu, anakujaje kuniletea ufunguo? Nilimwuliza. Alisema hakudhani omena ni jambo la kuandikwa kwa Kiingereza.

Mama yake naye alikuwa na maoni hayo hayo, kwa sauti kubwa zaidi.

"Shemeji, umeandika nini hapo?"

"Kwamba unauza omena."

"Hao wafadhili wanaijua omena?"

"Hawaijui. Ndiyo maana tunawaeleza."

"Kama ni kuwaeleza, waeleze kitu kikubwa. Andika mimi ni mfanyabiashara wa mazao ya ziwa."

"Mazao ya ziwa ni mengi. Watadhani unauza viboko."

"Afadhali viboko."

Alilegea pale binti yake aliposoma kwa sauti aya ya magunia, ambamo mwanamke mmoja anasimama peke yake dhidi ya Kibuye nzima. Shemeji alisikiliza akiwa amenyoosha mgongo. Ilikuwa pakruok, tena ya Kiingereza, na hakutakiwa kulipa hata noti. Alipomaliza kuisikia alisema tu, "Hapo kwa magunia mawili, weka manne."

Tuliacha mawili. Lile lililooza nalo tuliliacha, ingawa kaka wa Nairobi alitaka lifutwe kwa kuwa linaharibu jina. Kwa maoni yangu gunia lililooza ndilo lililofanya lile jingine liaminike. Nimesoma maombi mengi ambamo kila kitu kilifaulu, na sijawahi kumwamini hata mwandishi mmoja.

Kisha tukafika kwenye swali la kipato cha nyumba kwa mwezi, na hapo kikao kilikaribia kuvunjika.

"Weka elfu themanini," shemeji alisema.

"Themanini za wapi?"

"Kuna mwezi nilishika elfu themanini."

"Ulishika za chama, ukazipeleka kwa mweka hazina."

"Lakini si nilizishika?"

Simu ikanguruma kutoka kwenye kigoda. "Wekeni sifuri! Halafu mseme mnakula mara moja kwa siku."

Msichana akauliza kwa upole, "Baba mkubwa, kama kipato ni sifuri, hiyo mara moja tunakula nini?"

Simu ikasema mtandao unasumbua.

Msomaji asidhani ni nyumba yetu peke yake. Tangu mwaka 2023 serikali imekuwa ikiwapanga wanafunzi wa vyuo vikuu katika makundi kwa kupima uwezo wa nyumba zao, na matokeo ya mizani hiyo huja kusomewa benchini kwangu. Niliwahi kushuhudia akina mama wawili wakitoka hapa wamekasirika kwa wakati mmoja. Mmoja aliwekwa kundi la wenye nazo, akauliza hizo nazo ziko wapi azifuate. Mwenzake aliwekwa kundi la mwisho kabisa la umaskini, akaapa kwamba kuna mtu amemchongea, kwa maana yeye ana ng'ombe. Yule wa kwanza akamwomba wabadilishane. Yule wa ng'ombe akakataa: aibu tayari ilikuwa yake, lakini pesa je?

Daftari lilituokoa tena. Lilikuwa na miezi ya kucheka na miezi ya kufunga mkanda, Aprili hadi Julai karibu patupu. Fomu ilitaka nambari moja tu. Tukajumlisha mwaka mzima, tukagawa kwa kumi na mbili, na kwenye kisanduku cha maelezo tukasema nambari hiyo imetoka wapi. Shemeji alipoiona alinyamaza kidogo. "Kumbe," alisema. Kisha akakumbuka kulalamika.

Mambo ya karatasi yangeweza kujaza gazeti. Jina la marehemu kaka yangu linaishia kwa ng', na alama ile ndogo ya juu ilitutesa kuliko hesabu zote. Cheti cha kuzaliwa cha msichana kinayo. Cheti cha KCSE hakina. Kitambulisho kinayo, ila imekaa kati ya n na g, kana kwamba iliteleza. Na fomu ya mtandaoni ikaikataa kabisa kwa wino mwekundu: herufi isiyokubalika. Niliwahi kusimamishiwa kazi nusu siku na alama hiyo. Gavana wetu, Profesa Anyang' Nyong'o, anazo mbili, na sijasikia akiulizwa kama yeye ni watu watatu.

Nilipendekeza tuiache. Shemeji akasimama wima. "Marehemu amezikwa nayo. Iko kwenye msalaba. Mfadhili akiikataa, basi amemkataa mume wangu."

Tukaenda mjini kwa wakili, mama akala kiapo kwamba yule mwenye alama, yule asiye na alama na yule ambaye alama yake imeteleza ni binti mmoja, na ndiye huyu aliyesimama hapa akiwa na njaa. Wakili aliliondoa neno njaa.

Barua ya chifu ilipatikana matangani. Kwetu Nyanza mwisho wa juma ni wa kuzika, na chifu mmoja ana makaburi mengi kuliko siku. Shemeji na binti yake walimfuata hadi boma wasilolijua, wakakuta hotuba zimeanza, wakalazimika kukaa. Mchango ukapita, wakatoa. Maiti ikateremshwa, shemeji akalia vizuri sana hata ndugu wa marehemu wakamsogeza mbele, wakidhani ni upande wa Gem ambao haujawahi kujitokeza. Chakula kikapakuliwa. Ni baada ya kunawa mikono ndipo chifu alipotoa muhuri mfukoni na kuthibitisha kwamba familia hii ni ya hali ya chini, kwenye karatasi ambayo mpaka leo ina alama ya mchuzi pembeni. Msichana aliniuliza kama mchuzi utatuharibia. Nikamwambia ikiwa lolote, unaonyesha chifu alikuwepo.

Zikabaki barua za mapendekezo, na hapo Jaduong' akasogeza kiti chake.

Mwaka 1959 Jaduong' alikuwa kijana wa shule, na hadi sasa huwezi kutamka "Amerika" mbele yake bila kupewa mhadhara wa Tom Mboya wa Rusinga. Nautoa hapa kwa ufupi ambao yeye hajawahi kuufikia. Wakoloni walikuwa na nafasi chache sana za elimu ya juu, na Mboya akaenda Marekani kutafuta nyingine. Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81, na kufikia 1963 walikuwa wamesafiri karibu 800. Ndege haikuwa kila kitu: ulitakiwa uwe umeandikia chuo, umekubaliwa, na kijiji chako kimechanga, ng'ombe wameuzwa. Na barua ya kuwaomba Wamarekani pesa ilitiwa sahihi na mwanamuziki Harry Belafonte, mwigizaji Sidney Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson.

"Mwanamuziki, mwigizaji na mcheza mpira," Jaduong' alisema akihesabu vidole. "Nyakwara, mjukuu wangu, barua hutiwa sahihi na wakubwa. Wewe unaniletea mwalimu wa hesabu!"

Akataka tumtafute mwakilishi wadi, na mwakilishi wadi akikosekana, basi mtu yeyote mwenye gari la kupeperusha bendera. Kaka wa Nairobi akaunga mkono, akasema anamjua mtu anayemjua dereva wa mtu. Ilibidi nimkumbushe Jaduong' kwamba wale watatu walikuwa wanaomba pesa za nauli kwa ajili ya wote. Hawakuwa wakieleza kama kijana fulani wa Seme anajua kugawanya. Mkubwa asiyekujua ataandika kwamba wewe ni mtu mzuri. Hata hakimu huandika hivyo kabla ya kumfunga mtu.

Lakini mwalimu wa hesabu naye hakutusaidia mara moja. Barua yake ya kwanza ilisema msichana ni mtiifu, msafi na anashika wakati, sifa za kumpatia kazi ya bawabu. Si ubaya, mwalimu mwenye wanafunzi mia mbili atakumbuka nini? Msichana alimpelekea ukurasa mmoja wa kumkumbusha: siku aliyomwonyesha daftari la omena, mwaka aliowafundisha wenzake wa kidato cha tatu hesabu za uwezekano wakati mwalimu ana malaria, na somo ambalo mwenyewe lilimshinda kwanza. Barua ya pili ilikuwa ya mtu anayemjua mtoto. Hata alama ya juu ya jina aliiweka mahali pake.

Jaduong' hakuridhika. Yeye ni mtu wa Jaramogi zaidi ya Mboya, na Jaramogi Oginga Odinga ndiye aliyekuwa akiwapeleka vijana upande wa pili: Moscow, Prague, Berlin Mashariki. Jaduong' mwenyewe aliomba kwenda Moscow, kwenye kile chuo kilichofunguliwa mwaka 1960 na baadaye kikapewa jina la Lumumba. Ukimwuliza ilikuwaje, anakwambia jibu bado liko njiani. Alipopelekwa hospitali kubwa ya Kisumu kuchomwa sindano, ile ambayo mji mzima huiita Russia kwa sababu Wasovieti walisaidia kuijenga, aliwaambia wauguzi kwamba amefika, ingawa kwa njia ndefu.

Ninayempenda zaidi katika historia hii ni baba yake Barack Obama. Hakupanda ndege ile ya Septemba. Aliondoka Maseno bila kumaliza, akafanya kazi za ukarani Nairobi, akasoma kwa njia ya posta na kuandikia vyuo vya Marekani barua baada ya barua, mpaka Hawaii wakamkubali mwaka 1959. Baadhi ya barua na fomu zake za kuomba msaada zimehifadhiwa katika Kituo cha Schomburg, Harlem, na mwaka 2016 gazeti la New York Times liliandika habari zake. Katika maombi hayo hakumtaja mke wake wa Hawaii wala mtoto mchanga aliyezaliwa huko. Mtoto huyo, msomaji anamjua, baadaye alikuja kuwa rais. Kwa hivyo mtu akija kibandani akaniuliza, "Huyu nimwache nje ya fomu?" mimi humtazama huyo anayeachwa nje kwa heshima sana. Huwezi kujua.

Na kwa kuwa tuko Otonglo, siwezi kupita bila kumtaja Daniel Owira. Mwaka 2013 kijana huyo wa Highway Secondary School ya Nairobi alitumbuiza masimulizi yake ya kuchekesha, "Otonglo Time", mbele ya Uhuru Kenyatta aliyekuwa ameapishwa muda mfupi tu, na rais akaahidi kumlipia masomo. Tangu hapo kuna watu hapa wanaoamini kwamba jina la mtaa peke yake ni sifa ya kujiunga na chuo. Mteja wangu mmoja aliniletea maombi yake yote kwa mtindo ule, yenye vina mpaka kwenye nambari ya simu. Nilimsihi. Akasema Owira alisihiwa na nani? Lakini ukweli ni kwamba kijana yule aliweza kitu ambacho fomu zote zinatafuta: alisimama akajisifu na kulia kwa pumzi moja, na waliomsikiliza walikuwa wanacheka. Wengi wetu tunaweza nusu moja tu, tena ile yenye noti.

Siku ya mwisho ya kutuma, stima ilipotea. Hilo halihitaji maelezo kwa msomaji wa Kenya. Tulituma kwa simu, bando likiwa ukingoni, na msichana hakupumua mpaka ilipoandika imepokelewa.

Kisha wakatupigia simu. Maafisa wawili watakuja nyumbani Alhamisi kuhakikisha hali ya familia.

Katika sentensi hiyo shemeji alisikia neno moja tu: wageni.

Nilifika adhuhuri nikakuta vijana wanne wakipitisha sofa kwenye mlango wake. Sofa seti ya jirani, ya watu saba, rangi ya damu ya mzee, na vitambaa vyake vya kufuma. Zulia lilikuwa limetangulia. Televisheni nayo ilikuwa imeshafika, pamoja na mwenyewe, ambaye hakuiamini iende peke yake na alikuwa amekaa kando yake ameishika rimoti. Nyuma ya nyumba kuku alikuwa ndani ya sufuria na samaki kutoka Dunga walikuwa wakisubiri zamu.

"Shemeji," nilisema, "watu hawa wanakuja kuona umaskini."

"Wataonyeshwa," alijibu akipiga mto ngumi. "Lakini watauona wakiwa wameketi vizuri."

"Kwa nini wasiketi kwenye viti vyako?"

"Viti vyangu viwili? Wageni wangu wengine wakae kwenye jerikeni? Wewe ulizaliwa wapi?"

Walikuja, dada mmoja na mvulana wa ofisini, viatu vimejaa tope jeusi, wakazama kwenye sofa hadi magoti yakawa usawa wa kidevu. Yule dada alitoa tableti yake, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaandika. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Sehemu ilikuwa inasema "Samani".

"Mama, sofa hizi ni za lini?"

Kusema zimeazimwa mbele ya mgeni ni jambo ambalo shemeji hangelifanya hata kwa karo ya miaka minne. "Hizi? Ni za siku nyingi," alisema, na haukuwa uongo. Zilikuwa za siku nyingi, ila kwa jirani.

Kwa adabu zetu Jaduong' haingii hovyo nyumba ya mkaza mwana, kwa hivyo alikuwa ameweka kiti nje chini ya dirisha na kutoa msaada kutoka huko. "Boma hili halijawahi kukosa pa kumketisha mgeni!" alipaza sauti. Dada akaandika. "Waambieni na habari za ng'ombe wa babu yangu!" Dada akaandika tena. Nikaona kwa macho yangu A ya kutoa ikikokotwa kwenda kundi la matajiri na ng'ombe waliokufa zamani za vita.

Saa kumi kasoro, vijana wale wanne walirejea. Walisimama mlangoni, kofia mikononi.

"Mama ametutuma. Anasema akina mama wa kanisa wameanza kufika kwake. Maombi ni saa kumi."

Shemeji alijifanya hajasikia. Vijana, waliokuwa wametumwa na mtu wanayemwogopa zaidi, wakaanza na kile kiti cha mtu mmoja. Kikatoka. Wakaja kwenye cha wawili, mvulana wa ofisini akasimama na sahani yake ya kuku bila kuambiwa. "Samahani, dada," wakamwambia mwenzake, naye akainuliwa kwa heshima zote, kitambaa kikiwa kimenasa begani mwake. Zulia likakunjwa. Mwenye televisheni akaona dalili, akachomoa waya, akaaga. Katika muda mfupi nyumba ilibaki na viti viwili, kigoda kimoja, jerikeni la manjano, na mwangwi.

"Kumbe ndani ni kukubwa," Jaduong' alisema dirishani.

Yule dada alitazama kuta. Akatazama juu, kwenye tundu la mabati lililoozesha gunia. Kisha akafuta alichoandika, na kufuta kulichukua muda.

"Mama, mbona hukusema?"

"Mgeni huulizwa kama ameshiba," shemeji alimjibu. "Hayo mengine ni ya ofisi."

Dada akaketi kwenye jerikeni, akamwambia msichana alete daftari. Walikaa nalo mpaka jua likaelekea Kisian, ukurasa baada ya ukurasa, bei baada ya bei, huku mwenzake akishughulikia samaki. Alimwuliza kwa nini Jumapili fulani haikuandikwa. Msichana akasema siku hiyo walikuwa na mtihani, na hakutaka kubuni. Dada aliweka alama kwenye tableti. Mimi, pamoja na kushinda nikichungulia begani kwake, hiyo ndiyo alama pekee ambayo sikuiona ni ya nini.

Jibu lilikuja kwa barua pepe, na benchi langu lote likalisoma kabla ya mwenyewe. Walimpa. Shemeji alipiga vigelegele vilivyosimamisha tuktuk mbili barabarani. Kisha akaomba aonyeshwe jina, alione kwa macho yake. Nikamwonyesha. Mashine ya huko ilikuwa hatimaye imeikubali alama ya marehemu, ila kwa namna yake. Jina lilikuwa limeandikwa likiishia ng'.

"Huyu thelathini na tisa ni nani?" shemeji aliuliza.

Msichana alimweleza kwamba ndivyo kompyuta huiita ile alama. Aya ya chini ilisema majina katika stakabadhi zote lazima yalingane na ya barua hii. Kwa hivyo tulirudi mjini kwa wakili yule yule, kuapa kwamba mwenye alama, asiye na alama, wa alama iliyoteleza na wa thelathini na tisa ni mtu mmoja. Wakili aliandika akitaja kwa sauti, alama ya "na", alama ya reli, tatu, tisa, na alipofika kwenye kazi ya mwapaji akainua kalamu.

Shemeji alinitazama kwanza, aone kama nina la kusema.

"Mfanyabiashara wa mazao ya ziwa," alisema polepole, ili asikosee tahajia.

Tulipokuwa tukiteremka ngazi alikunja hati ile mara mbili, akaitia kwenye mkoba. "Sasa iko chini ya kiapo," aliniambia. "Hata wewe na kompyuta yako hamwezi kuifuta."